Uboho wa Kitindamimba

Januari, Ulaanbaatar. Moshi wa makaa umelala
juu ya mahema ya sufi kule mlimani
kama mgonjwa anayekataa kugeuzwa.

Kazi yangu ni kupaka vioo rangi, mwaka wa kumi na tisa huu:
tone la damu, zambarau, maji, hadubini.
Nimeona damu za wachunga ngamia na wanamieleka,
na ya mhasibu aliyedhani ni mafua tu.
Siku ilipofika ya Nyamdavaa
sikuhitaji kusoma jina lililobandikwa.
Seli changa tupu, zimesongamana,
viini vikubwa, hazijui kazi,
darasa lililokimbiwa na mwalimu.

Daktari Enkhsaruul akanieleza ninachokijua.
Nikamwacha aeleze.

Nyumbani tulipasua mfupa wa paja la kondoo kwa mgongo wa kisu,
na mama alimpa yeye uboho, kitindamimba wake,
mimi nikabaki kulamba mfupa.
Sasa ona, nilimwambia wiki waliponitoboa nyonga,
hata wangu umeuchukua.
Akacheka, na kinywa chake kilikuwa vidonda vitupu.

Mfuko mmoja, mwekundu mzito, ukaning'inizwa.
Hakuna aliyezielekeza njia.
Ziliingia mkononi, zikapita moyoni, zikapita mapafuni,
zikabisha kwenye mifupa, mmoja mmoja:
hodi.
Mbavu, kimya. Uti wa mgongo, kimya.
Hodi.
Siku ya kumi na saba, mahali fulani ndani ya nyonga yake,
mfupa ukaitika.

Nikapika maandazi ya nyama, nikagawia maabara nzima.
Nilifanya haraka.

Siku ya thelathini na moja viganja vyake viliiva,
halafu nyayo, halafu tumbo likafunguka kama bomba.
Seli zangu mimi.
Zilisomea kifuani mwangu nilipokuwa mtoto,
katika tezi ile nyuma ya mfupa wa kidari
ambako mia huingia na wawili watatu hutoka;
waliobaki huuawa humo humo, bila kelele,
wengi kwa kushindwa tu mtihani,
wengine kwa kosa la kutaka kumpiga mwenye nyumba.
Zilifuzu kwa kunijua mimi na kuniacha.
Zikamtazama mdogo wangu, zikasema:
huyu nani?

Ana kovu juu ya jicho la kushoto.
Nilimtia mimi, kwa shagai, kifundo cha kondoo,
kwa sababu alisema kimeangukia upande wa farasi
na kilikuwa mbuzi.
Nilidhani ugomvi ule ulikwisha.

Nikakaa nje ya kioo cha chumba chake nikazisema.
Ndiyo, nilizisema seli, mtu mzima na cheti changu:
tokeni mwilini mwake, hapana, bakini,
bakini lakini acheni.
Wanasema damu ni nzito kuliko maji.
Nyinyi ndio damu yenyewe,
mbona hamjui?

Dawa ilizituliza. Ilichukua hadi majani yakaota Tuul.

Sasa karatasi ya maabara inasema damu yake ni ya mwanamke.
Dereva wa lori, ana masharubu.
Na kinga ya utotoni imefutika yote,
bandama haikumbuki hata sindano moja,
kwa hiyo mwezi wa kumi na tatu alipanga foleni kliniki
kati ya wachanga waliofungwa kama vifurushi:
pepopunda, kifaduro, dondakoo.
Mtoto yuko wapi? muuguzi akauliza.
Ni mimi.

Ulilia? nilimuuliza.
Kidogo.

Usiku akanipigia simu, sauti chini ili mkewe asisikie:
kwapani pana kivimbe, kama kokwa, kinauma,
imerudi, dada, si ndiyo?
Nikamwambia ni mtoki tu, upande uleule wa sindano.
Lala.
Zimo humo zinasoma.
Usipakande.